Babu alikuwa keya: vita vya Burma alivyovipigana askari wa miguu

mjukuu wa keya:

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuahirisha kwa zaidi ya mwaka. Naanza, naandika aya mbili, nafuta. Leo nauachia hivyo hivyo, kwa vipande. Mwenye la kuongeza au kusahihisha karibu sana.

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya. Kwa vijana ambao neno hilo limewapita: keya ni herufi K.A.R. kama zilivyotamkwa na wazee wetu, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902. Babu hakuwa mtu wa kuandikwa popote. Aliingia askari wa kawaida mwaka 1942, akatoka lansi koplo mwaka 1946. Askari wa miguu: bunduki begani, mzigo mgongoni, amri masikioni.

Alipofariki niliachiwa kopo la bati. Ndani mlikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, nishani mbili, na kijiko. Nishani moja ni nyota ya ncha sita yenye rangi ya shaba. Utepe wake ni buluu nzito, katikati mstari mwekundu, na kila upande mchirizi wa rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo Burma Star, nishani ya waliopigana Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar. Ukiigeuza nyuma ni tupu, haina jina la mtu. Kijiko nacho kimelika upande mmoja tu, wa kushoto, kimekuwa chembamba kama kisu. Babu alikuwa anatumia mkono wa kulia, na kwa miaka minne alikwangua mestini, bakuli la bati la askari, kwa ukingo ule ule.

Nilipokuwa mdogo nilitaka kusikia habari za risasi. Ila mzee ukimuuliza habari za vita, alianza na miguu. Buti ilivyoloa, soksi ilivyooza ndani ya buti, ngozi ilivyokuwa ikitoka na soksi. Nilidhani ananikwepa. Nimekuja kusoma ukubwani na kuuliza wazee wengine, ndipo nimeelewa kwamba alikuwa ananijibu swali langu sawasawa.

Nianze na alivyoingia. Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya watu 80,000 katika vita ile. Wapo waliojitokeza wenyewe, kwa mshahara, kwa sare, kwa kutaka kuona dunia. Wapo ambao chifu aliambiwa na bwana shauri alete vijana kadhaa, akaleta. Babu alikuwa wa kundi la pili. Hakuwahi kumsema vibaya yule jumbe aliyemtoa, lakini katika maisha yake yote hakuwahi pia kunywa maji katika nyumba ile.

Mafunzo yalikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha jeshini walichokiita Kikeya: kifupi, cha amri, kisicho na adabu nyingi. Vikosi vya Nyasaland ndivyo vilivyotumia Kinyanja. Babu alifika kambini akijua Kiyao tu. Aliniambia neno la kwanza la Kiswahili alilolielewa barabara ni "geuka", kwa sababu aliyechelewa kugeuka alikiona. Viboko vilikuwepo. Ni jambo la kusikitisha, na nisingependa tulipambe: askari wa Kiafrika alichapwa kwa makosa ambayo Mzungu wa cheo chake asingeguswa.

Nitaendelea jioni.

---

afande mstaafu:

Mkuu, umenigusa. Mimi nilitumikia JWTZ miaka mingi, na wazee wa keya niliwahi kuwakuta wachache nilipoanza kazi.

Nikuongezee kitu kimoja kwa faida ya vijana. Kambi ya Lugalo hapo Dar es Salaam haikuitwa Lugalo tangu mwanzo. Waingereza waliiita Colito, na ndiko maasi ya wanajeshi ya Januari 20, 1964 yalikoanzia. Colito ni mahali Ethiopia ambapo Mei 1941 kikosi cha sita cha KAR, cha Tanganyika, kilipigana na Waitaliano. Sajini mmoja wa kikosi hicho, Nigel Leakey, alirukia kifaru cha Waitaliano akakifungua na kuwaua waliokuwa ndani isipokuwa dereva, kisha akafa akijaribu kingine. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza, mwaka 1945 akiwa marehemu. Huyo alikuwa Mzungu wa Kenya. Waafrika waliokuwa naye siku hiyo hiyo mahali pale pale, mimi nimehudumu Lugalo na sikuwahi kusikia hata mmoja akitajwa.

Baada ya maasi jina likabadilishwa kuwa Lugalo, pale Mkwawa alipowapiga Wajerumani Agosti 17, 1891. Hilo naliunga mkono kabisa. Ila wale wa Colito nao walikuwa watoto wetu.

Endelea mkuu, tunasoma.

---

mjukuu wa keya:

Afande, shikamoo, na ahsante sana. Hilo la Colito sikulijua.

Naendelea.

Babu hakuwahi Ethiopia wala Madagaska. Alipomaliza mafunzo waliunganishwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru, mnyama. Ndani yake walikuwemo Watanganyika, Wakenya, Waganda, watu wa Nyasaland na wa Rhodesia ya Kaskazini. Vikosi vya kwetu vilitambulika kwa herufi TT, Tanganyika Territory, ndani ya mabano baada ya namba.

Walipakiwa meli Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Babu hakuwahi kuiona bahari kabla ya wiki ile. Aliwekwa tumbo la meli, akatapika siku tatu, na siku ya nne alipopanda juu akakuta hakuna nchi upande wowote. Aliniambia aliogopa kuliko alivyokuja kuogopa Burma. "Burma niliweza kuchimba," alisema. "Baharini utachimba wapi?"

Ceylon walikaa karibu mwaka mzima wakifundishwa vita vya msituni. Kutembea bila kuvunja kijiti. Kulala bila kukohoa. Kumeza kidonge cha manjano cha malaria, mepakrini, mbele ya ofisa anayekutazama koo hadi kishuke, kwa sababu uvumi ulienea kwamba kidonge kile kinaua nguvu za kiume na watu walikitema. Ngozi na macho viligeuka njano. Na huko huko babu akajifunza kusoma. Jeshi lilikuwa na walimu wa Kiafrika wa kuwafundisha askari, na jioni baada ya zamu walikaa chini ya turubai wakiandika a-e-i-o-u. Barua yake ya kwanza nyumbani aliiandika mwenyewe. Tatizo ni kwamba nyumbani hapakuwa na mtu wa kuisoma. Ilibidi bibi atembee hadi misheni.

---

Bint wa Pwani:

Hapo kwenye meli umenirudisha kwenye msiba wa nyumbani kwetu.

Kaka yake bibi yangu alikuwa askari wa mizinga. Aliondoka Mombasa Februari 1944 kwa meli ya Khedive Ismail, pamoja na kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, watu 996. Ndani mlikuwa na watu 1,511 kwa jumla, wakiwemo wauguzi wanawake. Tarehe 12 mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga torpedo mbili. Watu wengi walikuwa ndani wakiangalia burudani. Meli ilizama kwa dakika mbili tatu hivi. Walikufa 1,297. Walionusurika ni 214.

Kuna jambo ambalo bibi hakuambiwa mpaka anaingia kaburini, na mimi nimelijua kwa kusoma. Nyambizi ilijificha chini kabisa ya watu waliokuwa wakielea majini. Manowari ya Waingereza iliyokuwa ikiwasindikiza ikaona ikiiacha nyambizi ile, meli nyingine za msafara zitapigwa. Ikapita katikati ya walionusurika ikimwaga mabomu ya majini. Nyambizi ilizamishwa baadaye.

Sijui kama babu mkubwa alikufa na torpedo au alikufa na mabomu ya wenzake. Wanaosema ofisa yule alifanya alilopaswa kufanya, labda ni kweli. Mimi siwezi kulisema hilo kwa mdomo wangu.

Bibi alisoma khitma bila maiti.

---

mjukuu wa keya:

Pole sana dada yangu. Mungu amrehemu, na wote aliokuwa nao. Nimekaa na ujumbe wako muda mrefu kabla ya kuandika tena.

Nakuja Burma kwenyewe.

Katikati ya 1944 Wajapani walikuwa wamejaribu kuingia India kupitia Imphal na Kohima, wakashindwa. Walirudi nyuma wakiwa na njaa na magonjwa. Jenerali William Slim, mkuu wa Jeshi la 14, akaamua awafuate bila kusubiri masika yaishe, jambo ambalo watu hawakulizoea maana mvua za kule si mvua za kwetu. Jeshi lile lilikuwa na watu wengi mno, wengi wao Wahindi, na Waafrika wa Magharibi walikuwa upande wa Arakan. Kazi ya kushuka Bonde la Kabaw ilipewa Divisheni ya 11, yaani akina babu. Agosti 1944 wakaingia bonde lile. Waingereza waliliita Bonde la Mauti, na sababu kubwa ilikuwa malaria na homa kali iletwayo na utitiri wa nyasini.

Kabla hawajapiga hatua ya kwanza ya maana walipita Tamu. Mji ulikuwa umejaa maiti za Wajapani, ndani ya nyumba, kwenye hekalu, kando ya malori mabovu, wengine wamekufa wameketi. Hawakuuawa na risasi. Ni njaa na kuhara. Babu alisema pale ndipo woga wa kumwogopa Mjapani kama jini ulipomwisha, na huzuni ikaanza, kwa sababu aliona viatu vyao: vitambaa vimefungwa kwa kamba za miti. "Nilijua huyu naye alikuwa mtu wa miguu kama mimi."

Sasa niwaeleze siku moja ya askari wa miguu bondeni, kadiri nilivyoweza kuikusanya kwake.

Alfajiri kabla hakujakucha, wote macho, bunduki mkononi, kimya. Ni saa ambayo adui hupenda kuja. Kukishakucha wanaruhusiwa kukunjua miguu. Chai kama imewezekana kuwasha moto bila moshi. Kisha mzigo: turubai dogo la kujifunika, blanketi lililoloa ambalo uzito wake ni mara mbili ya blanketi kavu, risasi, mabomu ya mkono mawili, chakula cha siku kadhaa, sururu au sepetu, chupa ya maji, panga. Panga lilikuwa chombo cha watu wetu kabisa. Seksheni, yaani kikundi kidogo cha askari kama kumi, ikiwa na bunduki ya rashasha aina ya Bren, kila mtu anabeba magazini zake za ziada, hata kama bunduki yenyewe haishiki yeye.

Halafu kutembea. Matope yalifika magotini, mahali pengine malori hayakuweza kabisa na nyumbu walikwama hadi kwenye tumbo. Maili mbili kwa siku zilikuwa kazi ya kujivunia. Anayetangulia anatangulia akijua kwamba Mjapani amejichimbia mahali fulani mbele, na kwamba njia ya kwanza ya kujua ni wapi ni yeye kupigwa. Walipokezana kutangulia. Babu alihesabu zamu zake. Kumi na saba. Hakuniambia kilichotokea katika zamu ya kumi na moja, aliishia kuitaja namba tu na kunyamaza, na mimi nilikuwa mtoto, sikujua kwamba palihitaji kuulizwa kwa upole au kuachwa.

Jioni, hata uwe umechoka vipi, unachimba. Shimo la watu wawili, kimo cha kifua. Linajaa maji unapochimba, unayakomba kwa mestini, unaendelea. Usiku mmoja analala kwa kukaa, mwenzake analinda, wanabadilishana kila saa mbili. Ruba wanapanda. Huruhusiwi kumpiga ruba, kofi linasikika. Wajapani walikuwa wakija usiku karibu na mahandaki, wanagonga vibati, wanaita kwa sauti, ili mtu ashtuke afyatue risasi na kuonyesha alipo. Amri ilikuwa moja: usifyatue, subiri mpaka uweze kumgusa kwa singe. Mnaweza kufikiria kijana wa miaka ishirini na miwili, mvua inanyesha, gizani, anasikia mtu anatambaa hatua sita kutoka usoni pake, naye anatakiwa atulie.

Chakula kilitoka angani. Ndege zilishuka chini ya mawingu, vitu vya kuvunjika vikaja na miavuli, magunia ya unga na mchele yakatupwa hivi hivi yakiwa yamevalishwa gunia la pili, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Mvua ikizidi ndege hazionekani siku mbili tatu. Hapo ndipo kijiko kililika.

---

Mzalendo Halisi:

Mkuu nisamehe, nasoma kwa heshima zote, lakini kuna swali lazima liulizwe. Hawa wazee walimpigania nani? Mjapani hakuwahi kutukosea kitu. Aliyetutawala, aliyetuchapa viboko, ndiye huyo huyo waliyekwenda kumfia. Kwa nini tuwakumbuke kama mashujaa? Tuna mashujaa wetu wa Majimaji.

---

mjukuu wa keya:

Swali lako halinikeri hata kidogo, nimelala nalo mara nyingi.

Kwanza, sijaandika neno shujaa mahali popote. Naandika juu ya mtu aliyechukuliwa akiwa kijana, akapelekwa mahali asipopachagua, akafanya kazi ngumu kuliko nyingine yoyote maishani mwake bila kumwacha mwenzake shimoni. Hilo linatosha kumkumbuka mtu.

Pili, hebu tuangalie walivyorudi. Waliona Wazungu wakilia, wakiumwa, wakiogopa, wakizikwa. Waliona Wahindi wenye vyeo vya ofisa, huku Mwafrika wa keya hata awe hodari vipi alifikia kuwa sajini meja anayeongoza platuni, hakupewa uofisa. Walikaa na Wahindi waliokuwa wakidai nchi yao waziwazi. Huwezi kumrudisha mtu aliyeyaona hayo akawa yule yule aliyeondoka. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walikuwa askari wa KAR Burma, na mwaka 1954 walikuwa miongoni mwa walioiasisi TANU. Kadi ya Ally ni namba 2, ya Abdulwahid ni namba 3, baada ya ile ya Nyerere. Kenya, Waruhiu Itote aliyekuja kuitwa Jenerali China katika Mau Mau alijifunza vita vya msituni huko huko Burma kwa gharama ya Mwingereza.

Babu yangu hakuasisi chochote. Lakini mwaka 1955 alinunua kadi ya TANU, na mwenyekiti wa tawi alipouliza nani anajua kusoma na kuandika awe karani, alisimama. Alikuwa amejifunza Ceylon chini ya turubai.

Majimaji tunayo, na babu wa babu yangu alikuwemo. Huko ndiko tunakotoka. Moyo wangu una nafasi ya wote wawili.

---

Mzalendo Halisi:

Nimekuelewa mkuu. Hilo la karani limeniingia. Endelea.

---

kijana wa Kampala:

Naomba kuuliza, ni kweli Idi Amin alikuwa Burma na hawa wazee? Kwetu watu wanasema hivyo.

---

afande mstaafu:

Hapana kijana. Mwenyewe alipenda kusema hivyo, lakini aliingia KAR mwaka 1946, akaanzia jikoni. Vita vilikwisha 1945. Wale Waganda waliokuwa Burma kweli walikuwa na vikosi vyao vyenye herufi U, na wanastahili kusemwa bila kuchanganywa na mtu ambaye hakuwepo.

---

mjukuu wa keya:

Ahsante afande kwa kunisaidia.

Namalizia safari ya babu.

Walishuka bonde Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Katikati ya Novemba wakakutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 huko Kalemyo. Tarehe 2 Desemba wakachukua Kalewa, kwenye mto Chindwin. Watu wengi zaidi waliondolewa kwa machela wakiwa wagonjwa kuliko kwa majeraha. Babu alipata malaria mara tatu akabaki, kwa sababu kidonge kilimfanya aweze kusimama. Rafiki yake wa shimoni, mtu wa Nyanda za Juu, alichukuliwa na homa ya utitiri. Asubuhi alilalamika kichwa, siku ya nne alikuwa hamjui mtu. Babu alimbeba upande mmoja wa machela kwa saa tano hadi penye daktari. Alipofika aliambiwa arudi kwenye seksheni yake, akarudi, na habari ya kifo aliipata baada ya wiki mbili kutoka kwa dereva.

Kuna jambo moja tu la Burma alilolisimulia akitabasamu. Ni tembo. Jeshi lilitumia tembo waliofugwa kuvuta magogo ya kujengea madaraja. Babu anatoka Tunduru, ambako tembo ni kilio cha shamba. Sasa anamwona mzee wa Kiburma, mwembamba, amekaa shingoni mwa tembo, anamgusa nyuma ya sikio kwa kidole cha mguu, na tembo anainua gogo analipanga polepole kama mtu anayepanga vikombe. Seksheni nzima ilisimama. Hata sajini Mzungu aliacha kufoka. Babu alisema kila mtu alinyamaza kwa sababu kila mtu alikuwa anafikiria shamba la kwao.

Na daraja la Kalewa. Wahandisi walilivusha Chindwin Desemba hiyo hiyo, daraja la vyuma juu ya vyombo vya kuelea, zaidi ya mita 350; wakati huo lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake. Vitabu vingi vinalitaja daraja. Babu alilolikumbuka ni kwamba wao walivuka kwa mashua kabla halijakuwepo, wakakaa ng'ambo, wakapigwa mizinga, ili lijengwe.

Baada ya hapo divisheni yao ikarudishwa India kupumzika, na brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoendelea hadi mto Irrawaddy, Seikpyu na Letse, mwanzoni mwa 1945. Vita vikaisha Agosti. Meli za kuwarudisha hazikuwepo. Wakakaa miezi, kambini, bila vita na bila kwenda nyumbani, na babu alisema kipindi hicho watu waligombana kuliko wakati wa risasi.

Walipolipwa kiinua mgongo, kililipwa kwa rangi. Askari wa Kiafrika alipata chini ya nusu ya alichopata Mzungu wa cheo hicho hicho kwa kila mwezi wa utumishi. Imeandikwa kwenye karatasi za serikali yao wenyewe. Shimo walichimba sawa, ruba hawakuchagua damu, ila kwenye meza ya malipo palikuwa na mistari miwili. Hapa bado nina hasira na sitaki kuificha. Babu alinunua ng'ombe wawili na cherehani ya bibi. Cherehani ipo, inashona.

---

Mama wa Wawili:

Nimesoma yote nikiwa kazini, nimelia kwenye machela. Nina swali la kawaida tu: nyumbani alikuwaje? Baba yangu alikuwa jeshini na kuna vitu hakuviacha mpaka mwisho.

---

mjukuu wa keya:

Dada, swali zuri, na sikupanga kulisema hili.

Alikuwa mpole. Hakupenda mlango ufunguliwe nyuma yake. Mvua ikinyesha usiku alikuwa anaamka na kukaa kwenye kiti barazani mpaka ikatike. Bibi alimfunika shuka mabegani na kurudi ndani bila kusema kitu.

Na kila jioni, sisi wajukuu tulipokuwa likizo kwake, tukishaoga alitupanga kwenye mkeka, tumekunjua miguu. Anakuja na kandili. Anachuchumaa kwa mmoja mmoja, anashika kisigino, anatenganisha vidole, anaangalia katikati kwa mwanga, anapapasa chini ya unyayo kwa gumba. Akikuta unyevu anafuta kwa kanga ya bibi. Akikuta mchubuko anapaka mafuta. Hasemi neno. Akimaliza anagonga unyayo mara moja kwa kiganja, maana yake umepita, nenda kalale. Tulikuwa saba. Tulidhani ni mchezo wake, na tulicheka kwa sababu unatekenya.

Juzi ndipo nimesoma kwamba katika seksheni za keya huko Burma, kazi ya lansi koplo kila jioni, mashimo yakishachimbwa, ilikuwa kukagua miguu ya watu wake. Seksheni aliyoanza nayo Tamu ilikuwa na watu kumi. Aliyoingia nayo Kalewa ilikuwa na wanne.